Gari la Mjomba Arnobio

Siku Rubiela alipokwenda kulitazama gari, kuku watatu walikuwa wametaga ndani yake. Mmoja alikuwa amejichagulia kiti cha dereva, au tuseme pale palipokuwa na kiti cha dereva, maana zilibaki springi na majani makavu tu. Wawili walikuwa nyuma, juu ya magunia ya kahawa yaliyooza. Mjomba Arnobio aliwapungia kofia.

"Tokeni, washenzi nyie. Mwenye nyumba amekuja."

Rubiela akacheka. Mumewe, Gildardo, hakucheka. Alikuwa ameshalala chali chini ya gari, miguu yake tu ndiyo iliyokuwa ikionekana, na kutoka huko ilisikika sauti ya spana ikigonga chuma, ko, ko, ko, kama daktari agongavyo kifua cha mgonjwa.

"Sakafu imeliwa yote," akasema. "Lakini fremu ni nzima."

"Hiyo fremu itatuzika sote," mjomba akajibu. "Wewe ulidhani nimekuitia makopo?"

Lilikuwa gari aina ya jipu, Willys la mwaka hamsini na nne. Kwa miaka arobaini Arnobio alilipandisha na kulishusha kati ya mji wa Pijao na kijiji cha El Guamal, likiwa na kahawa, mikungu ya ndizi, nguruwe, maharusi, wagonjwa, na mara nyingine jeneza lililofungwa kamba juu ya bodi huku wafiwa wakining'inia pembeni. Kisha mwaka mmoja akaliingiza bandani, akasema limekufa. Miaka sita ilipita. Mvua ilivuja juu yake, kutu ikalila polepole, na watu wakaacha kumwuliza.

Rubiela alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita na kazi yake ilikuwa kushona maturubai na viti vya majipu. Hakukuwa na gari katika foleni ya magari ya abiria ya Pijao ambalo sindano yake haikuligusa. Gildardo alikuwa dereva wa magari ya watu. Mwezi wa Januari tajiri wake alimpa mkwewe jipu ambalo Gildardo alikuwa akiliendesha, na Gildardo, akiwa na miaka hamsini na miwili, akarudi kuchuma kahawa na vijana kwenye miteremko. Hakulalamika hata siku moja. Ila Rubiela alimwona akishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, ameshika ukuta, kwa sababu magoti hayakukubali tena kushuka kwa mbele. Siku hiyo ndipo alipomkumbuka mjomba na banda lake.

"Taja bei, mjomba," akasema.

Alikuwa na milioni nane za peso, akiba ya miaka ya cherehani, na alikuwa amejiandaa kuzitoa zote na kuomba muda kwa zilizopungua. Gari kama lile, hata likiwa na kuku, lilikuwa halishuki milioni kumi.

"Sita," mjomba akasema.

"Sita?"

"Nyingi? Basi tano na nusu."

Rubiela alitazama miguu ya mumewe iliyochomoza chini ya gari, na soli ya buti lake iliyofungwa waya.

"Sita ni sawa, mjomba."

Wakaingia jikoni kunywa kahawa. Mjomba aliishi peke yake tangu afiwe na mkewe, na jiko lake lilikuwa safi kupita kiasi, kama la mtu anayeogopa kuhamisha kitu asije akakipoteza. Alimmiminia mpwa wake kikombe, akaketi, akauliza kwa upole:

"Na mama yako, anaendeleaje?"

Kikombe kilisimama hewani. Mama yake Rubiela alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na Arnobio mwenyewe ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele.

"Mama alishafariki, mjomba."

"Najua," akasema haraka, macho yakiwa ndani ya kahawa. "Najua bwana. Nilitaka kusema wewe. Wewe unaendeleaje?"

Wakati wa kuagana mlangoni, alimshika mkono akamwambia, "Msalimie mama yako."

"Atafurahi," Rubiela akajibu.

Hakumwambia mtu. Jumatatu wakaenda kwenye ofisi ya hati, na karani alipomwuliza mzee kama anauza kwa hiari yake, mzee akamjibu, "Kwani wewe unaniona nimefungwa kamba?" Ofisi nzima ikacheka, akatia sahihi na kidole gumba, na gari likawa la Rubiela.

*

Ilichukua miezi mitano. Walilivuta kwa nyumbu wawili wa mizigo hadi ua wa nyuma ya nyumba, wakalivua kila kitu mpaka likabaki mifupa. Asubuhi Gildardo alichuma kahawa, mchana alirudi na kuanza kusugua kutu kwa msasa na brashi ya waya, hata chakula kikawa na ladha ya chuma. Walipokwangua rangi ya kijani wakakuta nyekundu. Chini ya nyekundu wakakuta buluu.

"Buluu ndiyo yake," mjomba akasema. "Nyekundu ilikuwa kwa ajili ya harusi yangu. Kijani ilikuwa makosa."

Alikuwa akija karibu kila siku. Aliteremka kutoka mtaa wa juu akiwa amevaa kofia yake na taulo dogo begani, akaketi juu ya kreti, akatoa amri. Hiyo nati si ya hapo. Bomba hilo lipinde, usilikate. Wewe Gildardo una mikono ya kinyozi. Rubiela alikuwa ndani na cherehani lake, dirisha wazi, akishona turubai jipya, naye alimwita mjomba ampimie matao ya chuma. Walipima pamoja, kila mtu na mwisho wake wa utepe, na mzee alizitaja inchi kabla utepe haujafika.

Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza ilikuwa ikikohoa na kutetemeka, inataka kuzimika. Gildardo alihangaika na kabureta siku tatu. Siku ya nne mjomba alinyanyuka kwenye kreti, akamsogeza kwa kiwiko, akafumba macho. Aliweka vidole viwili juu ya ile skrubu ndogo, akasikiliza, akaizungusha robo. Injini ikatulia kama mtoto aliyepata ziwa.

"Umefanyaje?" Gildardo akauliza.

"Sijui," mzee akasema, akiangalia vidole vyake kwa mshangao. "Hivi vinajua vyenyewe."

Siku zote hizo alikuwa akisema "gari lenu". Gari lenu linataka breki mpya. Gari lenu litawapa kula. Rubiela alikuwa akilisikia hilo neno na moyo wake ukitulia kidogo. Alichemsha maji ya sukari guru, akampa na arepa, mkate wa mahindi, yenye jibini, na alijiambia kwamba mzee akiulizia marehemu mara moja moja, basi huo ni uzee tu, na uzee hauna dawa.

Jambo ambalo hakulifikiria ni hili. Lile gari bovu lililoliwa na kutu, mzee alijua ameliuza. Lakini kadiri walivyolirudishia sakafu, mbao, taa, turubai na ile rangi ya buluu, ndivyo lilivyozidi kufanana na gari alilokuwa nalo kichwani. Na lile la kichwani hakuwahi kumwuzia mtu.

*

Jumamosi ya soko walilitoa. Uwanja wa mji ulikuwa umejaa, majipu yamepangwa mbele ya kanisa, na Gildardo akaliingiza lake mwisho wa foleni akiwa amevaa shati jeupe alilopigiwa pasi mara mbili. Madereva walilizunguka, wakapiga matairi teke, wakatukana kwa kusifu. Abiria wa El Guamal walianza kupanda: mwalimu wa shule, mama mmoja na kapu la vifaranga, wanaume wawili na magunia ya mbolea. Rubiela alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, akijitahidi asitabasamu sana.

Kofi lilipigwa juu ya boneti. Watu waligeuka.

"Nani kakupa gari langu?"

Mjomba Arnobio alikuwa ameshika kioo cha pembeni, kofia imemwanguka.

"Mjomba," Rubiela akasogea, "ni sisi. Mimi Rubiela."

"Najua wewe ni nani! Mwizi! Umeingia bandani kwangu nimelala! Mtoto wa dada yangu!"

Alifungua mlango, akapanda, akamsukuma Gildardo, akaukumbatia usukani kwa mikono yote miwili. Kisha akaanza kulia mbele ya watu wote, kwa sauti, bila kujificha uso. Watu waliokuwa wakitoka kanisani walisimama kwenye ngazi. Mwuza nyama alitoka na kisu chake mkononi.

Abiria walishuka mmoja mmoja kwa adabu, kama watu wanaoondoka kwenye chumba cha mgonjwa. Mwalimu alisema amesahau kitu dukani. Mama wa vifaranga alibeba kapu lake akaondoka.

Mwenyekiti wa chama cha madereva, Ovidio, aliyeitwa don kwa heshima, mtu mnene asiyependa ugomvi, alimvuta Gildardo kando.

"Toa gari kwenye foleni mpaka hili jambo litengemae."

"Nina karatasi, don Ovidio. Zina muhuri."

"Sijazikataa karatasi zako. Lakini mzee amekaa kwenye usukani analia. Nani atapanda humo, niambie? Wewe ungepanda?"

Rubiela ndiye aliyemshusha, akimnong'oneza. Alimwokotea kofia, akamshika mkono, wakaondoka mbele ya macho ya mji mzima. Mtaa wa pili mzee alikuwa ameshanyamaza. Wa tatu aliangalia huku na huku, akasema kwa uchangamfu, "Leo soko limejaa, eh? Umekuja na nani?"

"Nimekuja na wewe, mjomba."

"Basi tununue mkate."

Wakanunua mkate.

*

Jioni ileile simu ililia. Alikuwa Amparo, binti wa mzee, aliyefanya kazi katika jiko la shule kule Pereira. Alikuwa ameshapigiwa na watu wawili.

"Milioni sita, Rubiela? Sita? Gari kama hilo watu wanaliuza kwa kumi hata na kuku ndani!"

"Alitaja mwenyewe, Amparo."

"Baba hajui leo ni siku gani! Mwezi uliopita kanipigia kuniuliza kama nimetoka shule. Mimi, nina miaka hamsini! Na wewe uko naye hapo kila siku, unataka kuniambia hukuona?"

Rubiela akaihamisha simu sikio la pili.

"Nakuja Jumapili," Amparo akasema, akakata.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi mzee alikuwa mlangoni, amenyolewa, taulo begani. "Naomba gari langu. Watu wa El Guamal wananingoja." Jumatatu Gildardo alimwonyesha hati. Mzee alivaa miwani, akasoma neno kwa neno, akafika chini.

"Hii ni sahihi yangu," akasema polepole. "Mmeipata wapi?"

Gildardo aliikunja karatasi na hakuionyesha tena.

Jumanne alikuja polisi kijana, mwenye aibu kuliko wao, akaangalia karatasi bila kuketi, akaomba radhi, akakubali kahawa, akaondoka. Lakini majirani wote walikuwa wameshaona sare ikiingia. Jumatano Rubiela alikwenda kununua nyama. Mwuza nyama alihudumia wote aliowakuta Rubiela dukani na wote waliokuja baada yake. Ilipofika zamu yake akauliza kwa sauti ya dukani kote, "Na wewe tajiri wa magari, nikupe sarara?"

"Nipe mifupa ya supu kama kawaida," Rubiela akasema. "Na usiweke kidole kwenye mizani."

Alitoka kichwa juu. Alipofika kwenye kona isiyo na watu alisimama, akaegemea ukuta na mifupa yake.

Nyumbani alimkuta Gildardo akipangusa gari ambalo halikuwa na vumbi.

"Niliona," akamwambia. "Siku ile ya kununua. Aliniuliza habari za mama, halafu akanituma nimsalimie. Niliona, na bei nilijua si yake, na nikanyamaza."

Gildardo aliendelea kupangusa. Baadaye akakunja kitambaa.

"Mimi alinisimulia habari ya ile ajali ya mwaka themanini mara tatu, wakati nakaza bolti moja. Mara tatu, kwa maneno yaleyale."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka gari, Rubiela."

Walisimama hivyo, gari likiwa katikati yao. Kisha Gildardo akasema, "Wewe ulikuwa unaangalia magoti yangu. Usifikiri sikujua."

*

Amparo aliwasili Jumapili kwa basi la asubuhi, akiwa na mkoba mdogo na ugomvi mkubwa alioufanyia mazoezi njia nzima. Alipitia kwa baba yake kwanza, akamleta ameshika mkono wake. Rubiela alikuwa amewangoja mezani. Juu ya meza palikuwa na hati na funguo.

"Kabla hujasema," Rubiela akaanza, "ni kweli. Niliona kwamba hayuko sawa, na nilinunua hivyohivyo. Chukua gari. Au taja bei ya haki, tutaitafuta. Ila mwizi, hapana. Mwizi hafungui dirisha ili aliyeibiwa aje kumsaidia kupima."

Amparo alikuwa ameshavuta pumzi ya kupigia kelele, na sasa hakujua aipeleke wapi. Alikaa kwenye kiti na mkoba wake mapajani.

"Miezi mitano hii," akasema hatimaye, "amekula wapi?"

"Hapa, mara nyingi."

"Nilidhani anapika." Akasugua paji la uso. "Mimi pia niliona, Rubiela. Mwaka juzi, Krismasi. Nikarudi Pereira, nikajiambia ni pombe ya sikukuu."

Mzee alikuwa amechoka kusimama. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Jamani, tunaondoka au hatuondoki? Watu wanangoja."

"Unakwenda wapi, baba?"

"El Guamal, bibie."

Alimwita bibie kwa heshima kamili, kama abiria. Amparo aliinamisha kichwa. Gildardo akachukua funguo mezani.

"Basi tumpeleke," akasema.

Mzee alikaa mbele, wanawake wawili nyuma, wameshika bomba la turubai. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope, na barabara ilipanda katikati ya mibuni na migomba mpaka paa za Pijao zikabaki chini kama vigae vilivyomwagika. Arnobio alikuwa mtu mwingine. Mgongo ulinyooka. "Shusha gia sasa, usingoje lilie. Kushoto kuna jiwe. Hapa mpigie honi doña Ligia, mama huyu anakuwa na ng'ombe njiani." Alikuwa akiinua mkono kwa kila nyumba, na kutoka vibarazani watu waliinua mikono yao. Nyuma, Amparo aliyatazama mabega ya baba yake.

"Nililichukia hili gari," akamwambia binamu yake sikioni. "Nikiwa mdogo. Kila Jumapili lilikuwa linamchukua."

Baada ya daraja la chuma njia iligawanyika mara mbili. Hapo mzee akanyamaza.

"Simama," akasema.

Gildardo akasimama. Mzee alishuka, akatembea hadi katikati ya njia panda, akaangalia njia moja, kisha nyingine. Amparo alimfuata, akifikiri anataka kujisaidia.

"Hapa ndipo nilipopotea," akasema.

"Lini, baba?"

"Nilikuwa na watu kumi na wawili. Nilifika hapa na sikujua niende wapi. Miaka arobaini napita, na zikawa njia mbili tu, kama za nchi nyingine. Nikajifanya injini imezima. Nikafungua boneti, nikawa nachokoachokoa waya, nangoja njia inirudie kichwani. Haikurudi. Kuna mama akasema, don Arnobio, si ni hapo kulia tu, twende nyumbani. Nikashika kulia. Nikawafikisha wote salama. Halafu nikaliingiza bandani, nikasema limekufa."

"Halikuwa limekufa," Gildardo akasema kwa sauti ya chini.

"Halikuwa na kitu. Lingeendelea mpaka leo." Mzee akageuka. "Watu kumi na wawili, na korongo lile pale. Ningefanyaje?"

"Mbona hukuniambia?" Amparo akauliza.

Mzee alimtazama usoni, na wote wawili waliokuwa garini waliona jinsi macho yake yalivyomfikia.

"Ungekuja kunichukua, Amparo. Ungenipeleka Pereira kwenye ghorofa."

Alipolisikia jina lake, Amparo alimkumbatia pale njiani, tope likiwa limefika kwenye vifundo vya miguu. Mzee alimpigapiga mgongoni kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alinyoosha kidole garini.

"Hawa niliwauzia mimi. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara mbili kulitaka, wanalipima kwa kilo. Huyu mtoto wa dada yangu asingelikata vipande."

Kuhusu bei hakusema kitu, na Rubiela hakuuliza. Waliporudi, kabla ya kufika mjini, mzee alikuwa ameshaanza kuuliza ni nani huyu anayeendesha gari lake.

Hata hivyo Amparo alikuwa amesikia. Kabla ya basi la jioni alikwenda uwanjani, akamsimamisha don Ovidio mbele ya madereva na mwuza nyama, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto mia nne chakulani: "Baba yangu kawauzia gari hawa, na mimi binti yake nimeridhika. Mwenye neno aniambie mimi." Kwa Rubiela alisema machache zaidi. "Hiyo tofauti ya bei, mpikie chakula cha mchana. Kila siku, si mara nyingi. Nami nitakuja kila mwezi."

*

Jipu la buluu likarudi kwenye foleni. Mzee hakuacha kuja. Saa kumi na mbili alikuwa mlangoni akidai gari lake, na Rubiela akajifunza kutomkatalia.

"Gari lako liko tayari, mjomba. Ila leo Gildardo atakushikia usukani, kwa sababu mkono unakuuma."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Alikuwa akiutazama, akiusugua, mwisho akikubali kwamba kweli unauma. Akapanda mbele. Siku nyingine alikubali tu, siku nyingine alimwita Rubiela mwizi mbele ya abiria wote, naye mama wa vifaranga, aliyekuwa amerudi, alimjibu kutoka nyuma, "Mwizi tumeshamkamata, don Arnobio, atafungwa Jumatatu, sisi twende zetu." Watu walicheka, na mzee alicheka nao, ameridhika kwamba sheria inafanya kazi. Njiani aliwasalimia watu wote. Mchana alikula kwa Rubiela. Gildardo alisema kuwa tangu aanze kumbeba hajakosa kona hata moja, maana anaambiwa zote.

Lakini neno lile lilimchoma Rubiela kila lilipotamkwa. Mwizi. Hata likisemwa kwa mzaha. Akiwa kwenye cherehani alikuwa akiomba kimoyomoyo kwamba siku moja mjomba aje, asidai kitu.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa Novemba, asubuhi ya manyunyu. Saa kumi na mbili ilipita, ikapita na nusu. Abiria walikuwa wameshapanda, magunia yamefungwa, na Gildardo hakutaka kuondoka. Rubiela alikuwa anataka kwenda kumfuata alipomwona ng'ambo ya barabara, amesimama na kofia mkononi, mvua ikimlowesha nywele. Alikuwa akilitazama gari. Alivuka polepole, akasimama mbali kidogo, kama mtu anayeangalia kitu dukani.

"Habari za asubuhi, bibie," akamwambia Rubiela. "Gari zuri sana hili. La nani?"

Rubiela alimsogelea.

"Ni lako, mjomba."

Mzee alicheka kwa haya, akatikisa kichwa.

"La kwangu? Hapana, bibie. Mimi sijawahi kuwa na gari."

Mama wa vifaranga alifungua mdomo, akaufunga. Gildardo alikuwa ameushika usukani, anatazama kioo cha mbele. Rubiela angetoa chochote alichokuwa nacho, na cherehani juu yake, ili aitwe mwizi mara moja tu, palepale, kwa sauti, mji mzima usikie.

"Basi panda," akasema. "Kuna nafasi mbele. Tunakwenda El Guamal."

"Ni mbali?"

"Si mbali. Njia ni nzuri."

Mzee alifikiri. Kisha akashika ubavu wa gari, na kabla ya kupanda akasimama, akafuta viatu vyake kwenye ukingo wa bodi, kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, kwa uangalifu mkubwa, asije akachafua gari la watu.

Siku hiyo Rubiela hakushona. Alipanda nyuma kama alivyokuwa, na aproni na sindano zikiwa zimechomekwa kifuani, akaweka mkono kwenye bega la mjomba wake, na hakuuondoa hadi El Guamal.